Simu Tuliyomnunulia Binti Yetu

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na wanachama wa kikundi kimoja cha kujisaidia kutoka upande wa Kitui, siku ya mkutano wa vikundi. Yameandikwa hapa vile yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika navyo vipate kuyasoma na kuyajadili.



Tumeombwa tuzungumze juu ya simu na masomo ya chuo kikuu. Tulipopata mwaliko tulicheka kidogo. Wengi wetu katika kikundi tunatumia kabambe, ile simu ya tochi. Mwalimu wa kompyuta angezungumza jambo hili vizuri kutushinda. Lakini waliotuita walikuwa na sababu yao. Walijua kwamba jambo hili lilituumiza, na aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Sisi tumekuja kuwaonyesha ung'ongo wenyewe.

Binti tutakayemzungumzia ametupa ruhusa. Hatutataja jina lake wala chuo chake. Tulipomwomba ruhusa alituambia, "Semeni yote, lakini semeni hata yale yenu." Kwa hivyo leo tutasema hata yale yetu.

VILE TULIVYOANZA

Kikundi chetu ni cha watu 28. Tunafuga mbuzi, tunapanda ndengu, na kila mwezi tunachangiana kwa zamu. Mmoja wetu ni mama mjane mwenye watoto wanne. Binti yake mkubwa alifanya mtihani wa KCSE wa 2020, ule uliosukumwa hadi 2021 kwa sababu ya Korona. Alipita vizuri. Akaitwa chuo kikuu kimoja upande wa Bonde la Ufa, aingie Septemba 2021. Katika kijiji chetu hakuna msichana aliyekuwa amefika huko mbele yake.

Tulifanya harambee chini ya mwembe. Mnajua harambee zetu. Kuku mmoja alinadiwa mara tatu, na kila aliyemnunua alimrudisha anadiwe tena. Tulipata karo ya kuanzia, godoro, sanduku na nauli. Zilibaki pesa kidogo. Hapo ndipo tulipogawanyika: tumnunulie simu ya kugusa, ama tusimnunulie?

Wazee wengine walisema simu ni anasa. Walisema, "Huko anaenda kusoma, haendi kupiga picha." Tuko na mwalimu mmoja mstaafu katika kikundi ambaye alisoma chuo kikuu Nairobi miaka ya themanini. Yeye alisimama akatueleza.

Alisema wakati wake alikuwa akiandikia nyumbani barua, na barua ilichukua wiki moja, saa zingine mbili. Kupiga simu ilikuwa ni kupanga laini kwenye kibanda na sarafu mkononi, na huku kijijini hakukuwa na simu ya kupokea. Babu yake alipofariki, alipata habari baada ya mazishi. Lakini masomo yenyewe yalikuwa kwenye vitabu, ubaoni na kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani. Siku hizi karatasi ile ya ukutani imeingia ndani ya simu.

Mambo yalianza kubadilika mwaka 2009, wakati nyaya za intaneti zinazopita chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilipofika Mombasa. Mbele ya hapo intaneti yetu ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali na ya polepole. Halafu Machi 2020 vyuo vilifungwa kwa sababu ya Korona, na walimu wakaanza kufundisha kwa intaneti. Vyuo vilifunguliwa tena, lakini mengi yalibaki huko huko. Mwanafunzi hujiandikisha masomo kwenye tovuti ya chuo. Huko huko huangalia deni la karo na matokeo ya mtihani. Walimu wengi huweka maandishi ya somo kwenye mtandao wa kusomea kama Moodle, na kazi ya kuandika hupelekwa kwa njia hiyo hiyo. Habari kwamba darasa limehamishwa kutoka saa nne hadi saa nane hufika kwa kikundi cha WhatsApp cha darasa. Asiyekuwa na simu atafika saa nne akute mlango umefungwa.

Mwalimu akamaliza kwa kusema, "Kwa mwanafunzi wa leo simu ni daftari, ni kalamu, na ni kengele ya shule." Tukakubali. Tukamnunulia. Na mpaka leo tunasema hatukukosea kumnunulia ile simu. Makosa yetu yalikuja baadaye.

KIKUNDI CHA "MSOMI WETU"

Binti alipofika chuoni, katibu wetu, ambaye ana simu ya kugusa, alianzisha kikundi cha WhatsApp. Tukakiita "Msomi Wetu". Humo tuliwaingiza wanachama wenye simu kama hiyo na jamaa zetu walioko Nairobi na Mombasa. Wale wa kabambe tulikuwa tukisomewa kila Jumapili.

Picha zikaanza kuja. Binti mbele ya maktaba. Binti na wenzake kwenye nyasi. Binti amevaa koti kwa sababu huko kuna baridi. Tulifurahi sana. Mama yake alikuwa akizunguka na simu ya katibu akionyesha watu sokoni.

Sasa tuseme ukweli juu ya picha. Facebook ilianzishwa na wanafunzi, mwaka 2004, katika chuo cha Harvard huko Marekani, na mwanzoni ilikuwa ya wanafunzi peke yao. Tangu siku hizo mtu huweka pale uso wake mzuri. Hata sisi, mpiga picha akija kijijini, si huwa tunatafuta shati safi kwanza? Hakuna anayepigwa picha akilia. Kwa hivyo picha si uwongo, lakini ni kipande tu cha ukweli. Sisi tulichukua kipande tukadhani ni mkate mzima.

Ukaja ukame. Mnaukumbuka ule wa 2021 na 2022. Mvua ilikataa, mbuzi wakafa, ndengu ikanyauka ikiwa na maua. Siku moja katikati ya 2022 mama yake alimpigia akamwambia nyumbani hakuna unga. Baada ya siku mbili pesa ziliingia kwa M-Pesa. Zilikuwa shilingi 500 tu, lakini zilitoka kwa msichana ambaye bado anasoma. Tulimsifu katika kikundi. Tuliweka mikono ya kupiga makofi, ile michoro midogo ya WhatsApp, mpaka ikajaa.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na hatukujua.

Baada ya hapo tukaanza kumwomba. Kuna mazishi, tuma kitu kidogo. Kuna mtoto wa jirani ametumwa nyumbani kwa karo, tuma kitu kidogo. Nyumba ya mama yake inavuja, na wewe ni msomi, mama atalala kwa nyasi mpaka lini? Naye alikuwa akituma. Novemba 2022 mama yake aliezeka mabati. Tulienda wote kumsaidia kuezeka, tukala, tukaimba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, mtoto wa mwaka wa pili wa chuo anatoa wapi pesa za mabati?

Mweka hazina wetu ameketi hapa. Kikundi kikikosa shilingi 20 kwenye daftari, anatuuliza sote. Siku ile hata yeye hakuuliza.

SIMU ILIYOTUAMSHA

Februari 2024 mweka hazina alipigiwa simu na mtu asiyemjua. Mtu huyo alimtaja binti kwa majina yote mawili. Akasema ana deni, na kama halipi basi sisi watu wake tutalipa. Mweka hazina alidhani ni wale matapeli wa simu, akakata. Kesho yake akapigiwa katibu. Halafu mama mwenyewe. Binti naye tukimpigia, simu imezimwa. Ilizimwa siku tisa.

Tulitoa nauli kwenye sanduku la kikundi, tukawatuma watatu: mama yake, katibu na mama mmoja mzee ambaye ndiye aliyemzalisha mama wa huyo binti. Walipanda gari hadi Nairobi, wakalala kwa jamaa, kesho yake wakaendelea na safari. Chuoni waliambiwa hakai tena hosteli. Wakasaidiwa na wasichana wenzake mpaka kwenye chumba cha kupanga nje ya chuo.

Alifungua mlango akiwa amekonda. Neno la kwanza alilomwambia mama yake ni hili: "Mama, hata nyinyi mmekuja kudai?"

Yule mama mzee alitwambia kwamba hapo hakuna aliyejibu. Waliingia wakaketi kitandani, kwa sababu kiti hakikuwepo.

Aliwaeleza usiku mzima. Zile shilingi 500 za kwanza zilikuwa za chakula chake, alizoweka kando. Tulipozidi kuomba, mwenzake mmoja alimwonyesha kazi ya usiku. Kazi yenyewe ni kuwaandikia wanafunzi wa Marekani na Uingereza insha zao za chuo. Mwanafunzi wa kule analipa, kijana wa huku anaandika, mwenzake wa kule anapeleka kwa mwalimu kama kazi yake. Kenya inajulikana duniani kwa biashara hii, na vijana wetu wengi wenye akili wamepitia huko. Kwa sababu sisi tukilala Marekani ni mchana, kazi hufanywa usiku. Anaandika mpaka alfajiri, na asubuhi darasani anasinzia. Mwisho akawa haendi darasani.

Fikirieni jambo hilo. Tulitoa kuku na mbuzi ili asome. Yeye akawa anawasomea watu wa ng'ambo, na masomo yake mwenyewe yamelala.

Halafu hata kazi hiyo ikapungua. Mwisho wa Novemba 2022 kampuni moja ya Marekani ilitoa programu inayoitwa ChatGPT, ambayo ukiiuliza swali inakuandikia insha kwa dakika moja. Mwaka 2023 wengi waliokuwa wakinunua insha kwake wakaona hawana haja naye. Lakini sisi huku hatukujua habari za ChatGPT. Tuliendelea kumwomba kama zamani. Aliona haya kusema hana. Akaanza kukopa kwa simu. Akakopa hapa kulipa pale. Aliyemkopesha mwishowe alikuwa amechukua majina yote yaliyo ndani ya simu yake, na ndiye aliyekuwa akitupigia.

Mwaka wa tatu hakujiandikisha somo hata moja. Na katika "Msomi Wetu" picha zilikuwa bado zinakuja. Zilikuwa za zamani.

TULIHESABU

Wale watatu waliporudi tulikutana, na ule mkutano ulikuwa mbaya. Wengine walisema binti ametudanganya, arudishe pesa za harambee. Wengine walimgeukia mama yake. Mama hakusema kitu, alikuwa akitazama mabati yake kutoka pale tulipoketi.

Ndipo mwalimu mstaafu alipomwambia katibu, "Hebu fungua hicho kikundi cha WhatsApp. Tusome tulichomwandikia sisi."

Tulirudi nyuma mpaka Januari 2023 tukaja mpaka Januari 2024. Katika muda huo tulikuta jumbe 52 zilizoandikwa kwake kwa jina. Jumbe 31 zilimwomba pesa au mchango. Jumbe 14 zilimtuma kazi: amjazie mtoto wa fulani fomu, amtafutie fulani cheti, aangalie matokeo ya shule. Jumbe 7 zilikuwa salamu na za kusifu picha.

Ujumbe wa kumuuliza masomo yanaendeleaje haukuwepo. Wa kumuuliza amekula nini haukuwepo.

Katibu alisoma kwa sauti mpaka mwisho. Hakuna aliyerudia tena habari ya kudai pesa za harambee.

Wapendwa, sisi tulikuwa tukidhani shida ya mawasiliano ni kukosa simu, kukosa mtandao, kukosa kredi. Vyote tulikuwa navyo. WhatsApp, ambayo imekuwepo tangu 2009, inafikisha neno Bonde la Ufa kabla hujafunga mdomo. M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, inafikisha pesa vivyo hivyo. Barabara ilikuwa nzuri, lakini tuliyopitisha juu yake ni madai peke yake. Naye akaturudishia kile tulichoonyesha tunakitaka: pesa na picha nzuri. Mficha maradhi kifo humuumbua, ndiyo. Lakini mgonjwa naye huficha akiona hakuna anayeuliza.

MAMBO TULIYOBADILISHA

Binti aliomba kuahirisha masomo, akaja nyumbani. Alikaa nasi mpaka Septemba 2024. Alipalilia ndengu na kuwafundisha watoto wa kijiji hesabu. Sanduku la kikundi lilimkopesha mama yake bila riba, madeni yakapunguzwa moja moja. Septemba akarudi kuanza upya mwaka wa tatu. Mbele ya kurudi tulikaa naye tukapatana mambo haya. Tunawaeleza si kwa sababu sisi ni wajuzi. Ni kwa sababu tumeyajaribu.

Kwanza, tulifunga kikundi cha "Msomi Wetu". Kuna kikundi kingine cha michango, naye hayumo. Mwanafunzi wetu hachangi mazishi wala harusi wala mabati mpaka amalize. Akitaka kutuma kwa hiari yake, mama anamuuliza kwanza, "Hizi zimetoka wapi, na wewe umebaki na ngapi?"

Pili, tuna siku ya sauti. Kila Jumapili jioni mama yake anampigia, na haandikii ujumbe. Maandishi yanaweza kusema "niko sawa" na mtu analia. Sauti inakataa. Tumepatana kwamba pesa hazitajwi siku hiyo. Wiki za kwanza mama hakujua aseme nini. Alimwambia habari za mbuzi. Basi, hata habari za mbuzi zinatosha, mradi mtu asikie yuko nyumbani.

Tatu, kila muhula ukiisha binti mwenyewe anafungua tovuti ya chuo akiwa na mama yake na mwalimu mstaafu, ambaye alimchagua yeye mwenyewe. Wanaangalia mambo matatu: masomo aliyojiandikisha, deni la karo, na matokeo. Angalieni sana hapa. Mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima, na kuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inayolinda habari za mtu. Huwezi kumnyang'anya neno lake la siri kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Ni yeye anayefungua, kwa kupatana. Na mkikuta alama mbaya, msipige kelele. Mkipiga kelele mara moja, mara ya pili mtaonyeshwa picha ya maktaba.

Nne, tuliweka bando la intaneti kwenye hesabu, kama vile tunavyoweka chakula na karo. Ile siku ya harambee tulinunua simu tukasahau kwamba simu bila bando ni kioo. Vyuo vingi vina mtandao wa bure ndani ya chuo, na mwanafunzi anaweza kuteremsha masomo yake akiwa huko ili asome chumbani bila kulipia. Lakini anayeishi nje ya chuo huhitaji kitu kidogo cha wiki.

Tano, tulijifunza habari za mikopo. Kuna mkopo wa HELB, bodi iliyoundwa kwa sheria mwaka 1995. Mkopo wao wa shahada ya kwanza una riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na hulipwa baada ya kumaliza masomo. Huo ni mkopo. Wazazi wengine wanadhani ni zawadi ya serikali, wanamwambia mtoto awatumie kidogo. Hizo ni pesa ambazo mtoto atalipa mwenyewe akianza kazi. Halafu kuna mikopo ya simu, inayokuja haraka na kudaiwa haraka. Tangu kanuni za 2022, wanaokopesha kwa simu wanatakiwa wawe na leseni ya Benki Kuu ya Kenya, na hawaruhusiwi kuwapigia watu walio kwenye simu ya mkopaji kumwaibisha. Kwa hivyo kabla ya kukopa, uliza kama ana leseni. Kuuliza si ujinga.

Sita, juu ya kazi za mtandaoni. Hatusemi mwanafunzi asifanye kazi. Kuna kazi halali kwenye intaneti, na wapo wanaojisomesha kwa hizo. Lakini kuandika insha itakayopelekwa kwa jina la mtu mwingine ni kumsaidia mtu kudanganya. Uingereza, kwa upande wa England, ilipitisha sheria mwaka 2022 kupiga marufuku biashara hiyo. Na ile programu ya kuandika insha nayo ni vivyo hivyo. Mwanafunzi akiitumia imweleze jambo asilolielewa, hiyo ni kama kumuuliza jirani. Akipeleka maandishi yake kwa mwalimu kama yake mwenyewe, ameuza shamba lake akabaki na hati.

Saba, mtu aende kwa miguu yake. Mara moja kwa mwaka mmoja wetu anasafiri kumwona. Nauli iko kwenye bajeti. Akifika anaona kitanda, anaona sufuria, anaona macho. Hayo hayaingii kwenye simu. Pia tulimwambia binti kwamba chuoni kuna ofisi ya kushughulikia hali ya wanafunzi, na washauri wa kuzungumza nao. Yeye alikuwa akiipita kila siku. Alidhani ni ya wale wenye makosa.

KABLA HATUJAKETI

Hatujaja kuwaambia kwamba yote yamepona. Binti yuko mwaka wake wa mwisho, lakini wenzake alioingia nao walishatangulia, na jambo hilo linamuuma. Deni moja bado linalipwa. Na mama yake ametuambia kwamba mvua ikinyesha usiku juu ya yale mabati, huwa halali vizuri. Si kwa kelele. Anajua yalilipwa na usingizi wa nani.

Lakini Jumapili iliyopita tulikuwa kwake simu ilipoita. Binti alisema amepata alama mbaya katika somo moja na anaogopa. Alisema hivyo sote tukisikia. Mama yake akamuuliza ni somo gani, linahusu nini, na mwalimu wake anasemaje. Walizungumza mpaka kredi ikaisha.

Zamani habari kama hiyo isingetufikia. Tungepata picha.

Sasa tunaomba kila kikundi kikae kando kwa nusu saa kijadili maswali haya:

1. Katika kikundi chenu ni vijana wangapi wako chuo kikuu, chuo cha ufundi au shule ya mbali? Ni nani aliyezungumza nao kwa sauti mwezi huu?

2. Fungueni simu zenu. Someni jumbe mlizowaandikia tangu mwaka uanze. Ngapi ni za kuomba? Ngapi ni za kuuliza hali?

3. Mlipopanga karo, mliweka bando na nauli ya kumtembelea?

4. Kijana wenu akifeli mtihani, ni nani katika kikundi anayeweza kumwambia bila kuogopa? Kama hayupo, mtafanya nini ili apatikane?

5. Ninyi vijana mliosimama nyuma: ni jambo gani mngependa wazazi wawaulize, ambalo hawajawahi kuwauliza?